Mnyama Aliyekataa Kuandikwa

Kaeni vizuri, na wewe unayecheka huko nyuma acha kucheka, maana kisa hiki kinaniudhi kila ninapokisimulia na sitakirudia. Ninyi mnamjua kinyonga kuwa ni mnyama wa kubadilika rangi, atembeaye kama mtu anayesitasita kuingia nyumba yenye ugomvi. Hakuwa hivyo. Wakati msitu wa milima hii bado unafika mabondeni, kila kinyonga alikuwa na rangi yake moja tangu kuzaliwa hadi kufa, alitembea bila kusita kama wenzake, na akiitwa jina lake alikuja.

Enzi hizo wanyama walikuwa bado wanajitokeza msituni mmoja mmoja, na kila aliyejitokeza alihitaji jina. Watu wa mlimani walikuwa na utaratibu wao. Aliyemwona mnyama mgeni hakuruhusiwa kumpa jina papo hapo. Alikwenda kukaa naye siku saba, palepale alipo, mpaka amjue anakula nini, analala wapi, anazaaje na anamwogopa nani. Siku ya nane alishuka kisimani akawaeleza watu wote, na alama ya mnyama ikachomwa kwa chuma cha moto kwenye kibuyu kikubwa cha kijiji. Ndipo alipomtajia jina. Na jina lilikuwa la marehemu wake aliyeondoka duniani bila kuacha mtoto, ili lisikose wa kuliitikia.

Kulikuwa na mwanamke aliyeitwa Nakijwa. Binti yake wa pekee, Nambike, alishikwa na homa mwezi uleule aliokuwa aolewe, na siku ya tatu wakamzika. Kwa miaka sita Nakijwa aliingia msituni kutafuta mnyama asiye na jina, akarudi mikono mitupu. Wengine walimwonea huruma, wengine walimcheka chinichini, na yeye aliwasikia wote.

Asubuhi moja, kwenye majani yenye ukungu, akamwona. Mnyama wa kijani, pembe mbili puani, jicho moja linatazama mbele na jingine nyuma. Nakijwa alicheka kwa sauti, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba. Nambike naye alikuwa na kipaji hicho, cha kuangalia sufuria na njia kwa wakati mmoja.

Akakaa siku saba. Mvua ilimnyeshea, akala ndizi za kuchoma zilizopoa, hakuondoka. Akajua kwamba yule wa kijani mwenye pembe ni mume, kwamba yule wa rangi ya udongo asiye na pembe ni mkewe, na kwamba wale wadogo wa manjano ni watoto wao. Siku ya nane alama yao ikachomwa kwenye kibuyu. Tangu hapo, kila asubuhi alisimama ukingoni mwa msitu akaita, "Nambike!" nao walitoka majanini wakampanda mikononi. Mama yule akaanza kunenepa tena.

Ndipo akaja Semvua, mwandishi wa Mfalme Mkumbo. Mfalme alikuwa ameagiza wanyama wote wa nchi waandikwe kwenye ngozi, na Semvua alizunguka na wapagazi waliobeba mitungi ya maji ya chumvi. Alimkuta Nakijwa anapalilia.

"Mama, nimesikia una mnyama mpya. Nionyeshe, mfalme amjue."

"Karibu, baba. Utakaa naye siku saba?"

"Siku saba kwa mjusi mmoja? Nina wanyama mia wa kuandika kabla ya masika!"

Nakijwa hakupendezwa, lakini mgeni ni mgeni, na yeye alikuwa amelelewa vizuri. Akaenda ukingoni mwa msitu, akaita. Wakaja watatu, baba, mama na mtoto, wakampanda mkononi kama siku zote. Semvua akawachukua mmoja baada ya mwingine akawatumbukiza kwenye mitungi. Kabla Nakijwa hajamaliza kupiga kelele, vifuniko vilikuwa vimeshafungwa. Ni yeye aliyewaita. Hilo halikumtoka moyoni maisha yake yote.

Na huyo mwenye elimu aliandika nini? Alitandaza ngozi yake, akawapanga wale maiti kwa rangi, akaandika kwamba amepata wanyama watatu wa aina tatu. Mkumbo wa Kijani. Mkumbo wa Udongo. Mkumbo Mdogo. Na chini ya kila mmoja akaongeza: amegunduliwa na Semvua. Amegunduliwa! Mtu hata nyasi hakukalia!

Nakijwa alijifunga kibuyu cha kijiji mgongoni akatembea siku mbili hadi barazani kwa mfalme. Alipopewa nafasi ya kusema, alisema:

"Mfalme wangu, mtu wako ameandika baba, mama na mtoto kuwa wanyama watatu. Akija kwangu akamkuta mume wangu ana ndevu na mimi sina, si atatuandika makabila mawili? Mnyama huyu ni mmoja. Nimekaa naye. Na jina lake ni Nambike."

Baraza zima liliangua kicheko, na Semvua akainamisha kichwa. Kisha mwandishi huyo akakinyooshea kidole kibuyu cha Nakijwa, akasema hicho ni chombo cha kuchotea maji tu. Mfalme naye alijua kabisa ukweli uko wapi. Lakini kuwa na wanyama watatu wenye jina lake kulimnogea. Akatamka kwamba kilichoandikwa kimeandikwa, na kwamba kuanzia siku hiyo atakayemwita mnyama yule Nambike atafukuzwa nchini. Mzee mzima, mwenye nchi nzima, akamnyang'anya marehemu jina!

Nakijwa alirudi moja kwa moja msituni. Waliobaki walijitokeza kumlaki, na yeye akawazuia kwa mkono.

"Nambike, mwanangu, usije tena. Hata nikikuita mimi, usije. Na yule mwenye ngozi akirudi, usimpe rangi ya kuandika."

Baada ya mwezi, mfalme alipanda mlimani na watu wake ajionee wanyama wake wakiwa hai. Semvua akamwona mmoja tawini, akaandika: Mkumbo wa Kijani. Aliponyanyua macho, mnyama alikuwa wa udongo. Akakata, akaandika upya, na mnyama akawa wa manjano. Akakata tena. Jua lilipofika utosini ngozi ilikuwa imejaa, na jina la mfalme lilikuwa limekatwakatwa mara thelathini mbele ya watu. Mkumbo akaipokonya ngozi, akaitupa mtoni, akashuka bila kuaga. Semvua hakuandika tena. Lakini msidhani kulikuwa na aliyemwomba Nakijwa radhi. Marufuku haikuondolewa, na mitungi mitatu haikurudishwa mpaka leo.

Na tangu siku hiyo kinyonga hakai na rangi moja mbele ya mtu. Tangu siku hiyo pia hatembei bila kusita. Ananyanyua mguu, anayumba, anasimama, ananyanyua tena. Watu wa mbali husema ni woga, wengine husema ni mkosi, wakampiga mawe. Wajinga hao. Anasikiliza kama kuna anayemjua.

Wanawake wa mlimani hawampigi mawe. Wakimkuta njiani hutua kuni zao, huangalia huku na huku kama hakuna mtu wa mfalme, ingawa wafalme wamekwisha siku nyingi, kisha humwita taratibu: Nambike. Haji, kwa kuwa mama yake alimkataza. Lakini hubaki amesimama, mguu mmoja hewani, mpaka watakapopita.