Mlinzi Mpya wa Chilongola

Mwaka ule mvua ziligoma, visima vikabaki matope, na Chilongola akaanza kutafuta wa kumpunguza nyumbani kwake. Alikuwa na mbuzi arobaini na majivuno ya mwenye elfu. Jicho lake likamwangukia Tabu, mbwa jike aliyemlindia zizi miaka tisa hadi meno yakamwisha.

"Unakunywa maji yangu bure!" alifoka, akamtoa kwa teke.

Mbwa wengine wawili, Shupavu na Chausiku, waliinuka. Tabu ndiye aliyewalea na kuwalamba vidonda. Wakamfuata bila kugeuka nyuma. Jirani mmoja, Mama Nyemo, akawapokea na kugawana nao maji ya mtungi wake.

Fisi alizipata habari hizo. Akaja mchana kweupe, akainama hadi pua ikagusa vumbi.

"Shikamoo, bwana mkubwa. Nitakulindia mbuzi. Ujira wangu mifupa tu."

"Na maji?"

"Maji ya nini? Umande unanitosha."

Mwenye akili angecheka. Chilongola akamkabidhi zizi.

Kila siku mbuzi walipungua. "Ni chui, bwana," alisema Fisi akijilamba. Kesho yake: "Chui yuleyule. Hana adabu kabisa!" Na bwana mkubwa, badala ya kulitazama tumbo la mlinzi wake, akampongeza kwa kupambana na chui.

Walipobaki mbuzi sita, Chilongola alirudi mapema kutoka kisimani.

"Chui yuko wapi?"

"Ametoka sasa hivi," alijibu Fisi, mguu wa mbuzi ukining'inia mdomoni.

Chilongola aliinua fimbo. Fisi akamwonyesha meno. Yule mwenye majivuno akaitupa fimbo, akaparamia paa la nyumba yake, akalia kama mtoto: "Tabu! Shupavu! Chausiku!"

Mbwa walikuja. Tabu hakuwa na meno ya kuuma, lakini alijua kuelekeza: huyu mbele, huyu nyuma. Fisi alitaka kukimbia, tumbo likamkatalia. Alipoponyoka, sikio moja na nusu ya mkia vilibaki zizini.

Chilongola akashuka akijipangusa. "Wanangu, turudini nyumbani."

"Wanao?" Tabu alimtazama toka kichwani hadi miguuni. "Tumewajia mbuzi. Wao hawakutukosea."

Wakaenda zao kwa Mama Nyemo.

Tangu hapo Chilongola hulinda zizi peke yake, na akisikia kishindo vichakani, hubweka mwenyewe.