Bi Pimbi na Wingu la Kipupwe

Hapo zamani za kale, wakati wakubwa walipokuwa wakichukua vya wadogo bila kuona haya (siku hizi wameacha kabisa, nyinyi wenyewe mashahidi), palikuwa na mlima mrefu wenye baridi. Katikati ya mlima kulikuwa na pango, na ndani ya pango aliishi Bi Pimbi na watoto wake wanne.

Bi Pimbi alikuwa mdogo wa kuenea kwenye kapu. Alikuwa na mafiga yake matatu, shamba la viazi mbele ya mlango, na tabia moja iliyowachekesha majirani. Kila asubuhi, kabla ya kukoroga uji, alipanda juu ya jiwe akatazama mawingu.

"Bi Pimbi, leo umeona nini?" walimuuliza.

"Nimeona wingu."

"Hongera sana," walisema, wakaenda zao wakicheka.

Wacheke tu. Yeye alilijua wingu la kipupwe kama alivyowajua watoto wake. Mwezi wa sita hulala bondeni, juu ya mto. Mwezi wa saba hupanda mpaka kwenye viazi. Mwezi wa nane unapoingia, baridi inaposhika hasa, wingu huingia majumbani asubuhi, likakaa saa mbili tatu, kisha jua likalitoa. Halivunji kitu, halimdhuru mtu. Linapita.

Basi mwezi wa sita ulipoanza, akaja Bwana Chui kutoka tambarare. Huko alikuwa amegombana na kila mtu, akaona ni wakati wa kubadilisha hewa. Aliona moshi wa jiko, akaingia pangoni moja kwa moja. Kupiga hodi ni kazi ya wadogo.

"Pango zuri," akasema. "Ila ni kubwa mno kwa watu wa kimo chenu. Mnateseka humu."

"Hatuteseki, Mheshimiwa," akasema Bi Pimbi.

"Mnateseka, hamjui tu. Kuanzia leo mtalala nje, mpate hewa safi. Wewe utaingia asubuhi kuwasha moto na kunichomea nyama. Usinishukuru."

Bi Pimbi hakumshukuru. Aliwatoa watoto akawaweka chini ya kichaka. Msije mkauliza kwa nini Chui hakuwala. Angewala, nani angechochea moto? Mtu mwenye makucha mazuri vile hawezi kushika majivu.

Wiki mbili hazikuisha, Kitete, kitinda mimba, akaanza kukohoa. Koho, koho, kutwa nzima. Bi Pimbi alimfunika kwa majani, akamnywesha maji ya moto, kikohozi kikazidi. Akaogopa. Alijua kifua kile hakiwezi kuumaliza mwezi wa nane nje.

"Mama, tutarudi ndani lini?" akauliza Kitete.

"Nalifikiria, mwanangu."

Asubuhi moja Chui akatoka kujinyoosha, akamkuta Bi Pimbi juu ya jiwe.

"Wewe! Nyama inaungua, unatazama nini?"

"Namtazamia mwenye pango, Mheshimiwa. Naona amekwisha kuanza safari."

"Mwenye pango ni mimi."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Hata mimi nilisema hivyo hivyo nilipokuwa mgeni. Mwenyewe ni lile wingu pale mtoni. Kila kipupwe hurudi kwake."

Chui akacheka, kwa, kwa, kwa, mpaka akashika mbavu. "Na likirudi litanifanya nini mimi?"

"Halina ubaya. Huchukua mkia tu, basi."

Kicheko kikakatika. Chui aliupenda mkia wake kuliko ndugu zake wote. Aliulamba asubuhi, akaulamba jioni, na akilala aliuweka juu ya jani safi.

"Mkia?"

Bi Pimbi akageuka kwa adabu, akamwonyesha nyuma. Hapakuwa na kitu. "Wangu uliondoka nikiwa msichana," akasema. "Nimezoea. Tatizo ni nzi tu."

Chui akawaita watoto wote, akawapanga mstari, akawakagua nyuma mmoja baada ya mwingine. Akarudia tena kuanzia mwanzo. Hakuna mkia hata mmoja! Uchunguzi ulikuwa mzito kwelikweli, ila hakukumbuka kuuliza kama pimbi huzaliwa nao.

"Na mtu atajuaje kwamba limeanza kuchukua?" akauliza taratibu.

"Akitazama nyuma asiuone mkia wake, Mheshimiwa, ajue limeshauweka mdomoni. Hapo akikimbia mbio sana, huenda likautema."

"Mimi siogopi wingu," akasema Chui.

"Nani amesema unaogopa?"

Kuanzia siku hiyo Chui asiyeogopa akawa anaamka kabla ya ndege. "Leo liko wapi?" anauliza.

"Mtoni, Mheshimiwa. Jumatatu litapanda mpaka kwenye ule mti uliokauka."

Jumatatu wingu likafika kwenye mti uliokauka. Chui akaacha kula vizuri.

"Leo je?"

"Limelala. Ila upepo wa kusi umeanza. Keshokutwa litakuwa kwenye viazi."

Keshokutwa viazi havikuonekana. Chui akaanza kuketi kwa kuukalia mkia, jambo ambalo halimpendezi mtu wa cheo chake.

"Bi Pimbi, wewe nalo mmezoeana. Liambie mimi ni mgeni tu, napita."

"Nitaliambia, Mheshimiwa. Lakini wingu lina masikio?"

Mwezi wa nane ukaingia. Kitete alikuwa hana tena nguvu ya kukohoa kwa sauti. Asubuhi ile Bi Pimbi alipopanda juu ya jiwe hakuiona miguu yake mwenyewe. Akashuka mbio mpaka mlangoni.

"Mheshimiwa! Mwenyewe huyo!"

Wingu likaingia polepole, jeupe, la baridi. Mlango ukapotea. Mafiga yakapotea. Chui akageuka kuutazama mkia wake: ncha haipo. Akatazama tena: nusu haipo. Akatazama mara ya tatu, hakuona hata kiuno.

"Limeushika!"

Akachomoka puu, akapita juu ya viazi, akajigonga kwenye jiwe, akaanguka, akaondoka akibingirika kriii mpaka bondeni. Wingu halikumfukuza. Lilikuwa na shughuli zake.

Alipofika tambarare kwenye jua akageuka, akaukuta mkia upo wote. Akalishukuru wingu kwa huruma yake. Mpaka leo ukimuuliza atakwambia alilihama pango lile kwa hiari, kwa sababu lilikuwa dogo kwa mtu wa hadhi yake.

Bi Pimbi akawaingiza watoto, akawasha moto mkubwa, akamlaza Kitete karibu na mafiga. Saa nne jua likatoka, wingu likaondoka zake. Siku ya tano Kitete aliamka akadai uji, akaumaliza, akadai na wa dada yake, wakapigana. Mama yao akawasikiliza wakipigana, akalia kwa furaha.

Nguvu za asiyejua, hata ukungu huzikimbiza.