Kopo Lililoandikwa Haina Sukari

Mmezoea nianze na mkulima na shamba lake, au mchungaji na kondoo wake. Leo wakulima wapumzike. Leo nina kopo. Kopo dogo jeupe, la kukaa kiganjani, limeandikwa kwa herufi nyekundu: HAINA SUKARI. Lishikeni akilini, kwa maana kopo hili karibu limwangushe mtoto mchanga kichwa chini kwenye sakafu ya kanisa.

Kulikuwa na mama mmoja mjane aliyekuwa na binti. Binti alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule, na alikuwa mnene. Msinitazame hivyo, nasema unene ambao hata yeye mwenyewe ulimchosha. Magoti yalilia akipanda ngazi tatu za kanisa. Presha ilikuwa juu, na kisukari nacho kilianza kubisha hodi. Alijaribu kufunga, alijaribu majani ya kila aina, akapungua mwezi mmoja na kunenepa miezi miwili. Mwisho madaktari wa hospitali ya mjini wakamfanyia upasuaji, wakalipunguza tumbo lake la chakula, likabaki dogo kama yai la kuku.

Akarudi kwa mama yake kuuguzwa, na masharti mkononi. Kula kidogo kidogo. Soda marufuku. Sukari marufuku, na asali pia, hata kama nyuki ni wa Mungu. Sasa, mtu amezaliwa katika nyumba ambayo chai inatiwa sukari humo humo kwenye sufuria, ataishije? Daktari akamhurumia, akamchagulia kopo lile. Unga mweupe, una utamu lakini si sukari. Akamwambia, "Kijiko kimoja kidogo, si zaidi. Ukizidisha unaweza kukuvuruga tumbo. Ukifuata kipimo, hauna neno."

Miezi ikapita, binti akapungua. Gauni likamvuka bega. Magoti yakanyamaza. Siku moja alipanda zile ngazi tatu bila kushika ukuta, akasimama mlangoni akacheka peke yake. Je, mama yake hakufurahi? Alifurahi, kwa wiki moja hivi. Ndipo akakutana na sisi.

Ndiyo, sisi! Mnajua kwetu mtu akikonda tunasema nini. Tunampa pole, halafu tunapunguza sauti. Mama alikuwa kwenye jumuiya, sala zimekwisha, wanakunja mikeka, jirani yake akamsogelea.

"Mama, pole na mgonjwa. Dawa lakini anakunywa?"

"Dawa gani? Mwanangu alipasuliwa, amepona."

"Eee, najua, mwenzangu. Wote huwa tunasema hivyo mwanzoni. Siku hizi mtu akizinywa vizuri anaishi miaka mingi tu."

Mama alihisi sikio linawaka moto. Kumbe ndivyo mtaa unavyomsoma mwanawe! Alichukua kitenge chake akaenda zake, na njia nzima alikuwa akiwaza maneno makali ambayo angemjibu jirani, kama tunavyofanya wote tukishachelewa.

Na jirani, kwa upendo wake mkubwa, jioni ile ile akamtumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Haijulikani nani anaongea. Sauti nzito ya mwanamume, inasema ule unga wa utamu wa kwenye makopo unatengenezwa kwa kemikali, unakausha damu, unakula ini, na hospitali zinajua lakini zinanyamaza. Mama alisikiliza mara nne. Mnashangaa? Nani hapa hajasikiliza daktari asiye na jina, kwenye simu, akamwamini kuliko daktari mwenye jina aliyemtazama usoni?

Akalichukua kopo, akavaa miwani. Nyuma limeandikwa majina marefu yasiyotamkika. Akamwita mwanawe.

"Mwanangu, hiki kitu ndicho kinachokumaliza. Chakula cha Mungu hakina majina ya namna hii."

"Mama, daktari ndiye aliyenichagulia."

"Na sukari iliyokulea? Sukari niliyokutilia kwenye uji tangu hujaota meno?"

"Ndiyo iliyonifikisha kwenye kisu, Mama."

Neno lile lilimwingia mama pabaya. Halikusemwa kwa jeuri, lakini mama alilisikia kama lawama, na mama akilaumiwa kwa chakula alichokupa, hapo umegusa moyo wenyewe. Akaamua.

Jumamosi binti akaenda kupeleka sare. Mama akafunga mlango wa jiko. Akamwaga unga wa daktari chooni, wote. Akaliosha kopo, akalianika juani. Akatwaa sukari ya kawaida, akaitwanga katika kinu chake kidogo cha viungo, taratibu, mpaka ikawa laini. Akaichekecha, akaitwanga tena. Akajaza kopo, akafunga kifuniko. Na sasa sikilizeni, maana hapa mimi mwenyewe nywele zinanisimama: akaweka mkono juu ya kopo, akafumba macho, akaomba. Alimwambia Mungu, "Baba, mwokoe mwanangu na sumu."

Na aliomba kwa machozi ya kweli! Hakuwa mchawi yule. Hakuwa adui. Alikuwa mama, ameziba masikio kwa hofu, na amekishika kifo mkononi akikiita uzima.

Asubuhi yake chai ikamiminwa. Binti akachota kijiko kimoja kidogo kama ilivyo desturi, akakoroga, akanywa funda la kwanza. Akasita. Akatazama ndani ya kikombe. Akamtazama mama yake, aliyekuwa akifuta meza ambayo ilikuwa safi tayari.

"Chai ya leo nzuri, Mama."

"Asante, mwanangu. Kunywa."

Akanywa. Mama akageuka upande wa dirisha, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mikeka.

Siku zikaenda. Kijiko kimoja kikawa viwili. Viwili vikawa vitatu. Binti akimaliza chai anatoka jasho, moyo unamwenda mbio, tumbo linamkata, anajilaza. Mama anampepea kwa upande wa kanga na kumwambia, "Usiogope. Ni ile sumu ya zamani inatoka mwilini." Jamani! Anampepea kwa mkono ule ule uliotwanga.

Sasa ikafika Jumapili ya ubatizo. Kaka yake binti amepata mtoto, na shangazi ndiye msimamizi. Asubuhi ile furaha ni nyingi, chai ni nyingi, na vijiko, siku ya sherehe, vikawa vinne. Akavaa gauni jipya alilojishonea, la kiuno, la kwanza maishani mwake. Saa mbili na nusu alikunywa chai. Saa nne na nusu alikuwa amesimama mbele ya kanisa zima, mtoto mikononi, shali jeupe likining'inia.

Mchungaji akauliza kama inavyoulizwa, "Je, unamkataa Shetani na kazi zake zote?"

Binti hakujibu. Mikono ilianza kutetemeka. Jasho likamtiririka mpaka shingoni. Mchungaji akarudia swali. Midomo ya binti ikacheza, neno halikutoka, macho yakapanda juu, na akaanguka chini pu!

Mtoto je? Mzee mmoja wa kanisa, ambaye siku zote tunamcheka kwamba husinzia ibadani, siku hiyo alikuwa macho. Alidaka shali. Kichwa cha yule malaika kilibaki shibiri moja kutoka kwenye saruji. Shibiri moja, ndugu zangu. Pimeni kwa mikono yenu muone ni kiasi gani.

Kanisa likapiga ukelele. Na mnajua kilichofuata? Ameulizwa habari za Shetani, ameanguka. Basi tukajua sote. Pepo! Watu wakamzunguka, wakamkemea, "Toka! Toka!" Jirani yule wa mikeka ndiye aliyepaza sauti kuliko wote. Tuna haraka sana sisi ya kumpa Shetani kazi ambazo hakuziomba. Dakika kumi nzima mwanamke anakata roho sakafuni, nasi tunagombana na mtu ambaye hayupo. Ni kijana wa kwaya, dereva wa bodaboda, aliyesema, "Wazee, huyu apelekwe hospitali," akatafuta gari.

Hospitali wakamchoma kidole, wakasoma kipimo, wakakimbilia dripu. Na mama? Mama hakuingia kwenye gari la kwenda hospitali. Alikimbia nyumbani kwanza. Alijua anachokifuata: aliamini ile sumu ya zamani ndiyo iliyomwangusha mwanawe, na hakuna atakayejua kopo sasa lina nini.

Akafika wodini anahema, kilemba mkononi, akaliweka kopo mbele ya daktari kwa kishindo mpaka wagonjwa wa jirani wakainua vichwa.

"Hii hapa! Sumu yenu hii hapa! Nilisema tangu mwanzo, mtaa mzima ni shahidi wangu. Mmeniulia mtoto kwa kopo!"

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, hakupandisha sauti. "Mama, tulia. Mwanao anaamka. Sukari ya mwilini mwake imeshuka mno."

"Imeshuka? Si mlimkataza sukari? Imeshukaje kama haikupanda?"

"Ndilo swali langu, Mama. Tumbo likishafanyiwa upasuaji ule, mtu akinywa kitu chenye sukari nyingi, inaingia kwenye damu kwa kishindo. Mwili unashtuka, unaifukuza, unaifukuza kupita kiasi, na saa moja au mbili baadaye mtu anaanguka. Huyu amekula sukari. Leo asubuhi."

"Hajaigusa! Amekunywa chai kwa hicho hicho mlichompa!"

Daktari akafungua kopo. Akatazama. Akalisogeza puani, akakunja uso. Akachovya ncha ya kidole, akaonja.

"Mama," akasema polepole, "unga tuliompa hauna harufu. Hii ni sukari. Na inanukia iliki."

Iliki! Kile kinu kidogo cha viungo. Mama alikiosha kwa maji ya moto, akakisugua kwa majivu, lakini miaka thelathini ya kutwanga iliki haioshwi kwa siku moja. Ushahidi alioukimbilia mwenyewe, akaubeba mwenyewe, akautua mezani mwenyewe mbele ya watu, ulikuwa unamtazama yeye. Akaketi sakafuni, akashika kichwa.

"Ni mimi," akasema. "Mungu wangu, ni mimi. Nimetwanga kwa mikono yangu. Nikaiombea!"

Mngependa niishie hapo, sivyo? Naona baadhi yenu mmeshapata wa kulaumu. Mama mjinga, kasikiliza simu, kamtilia mwanawe sumu. Tuseme amina twende nyumbani tukale. Hapana. Kaeni.

Maana kitandani binti alikuwa amefumbua macho, na alikuwa amesikia yote. Sauti yake ilikuwa ndogo, ila wote waliisikia.

"Mama, usilie peke yako. Nilijua."

Mama akainua uso. "Ulijua nini?"

"Nilijua ni sukari. Tangu kijiko cha kwanza. Miaka thelathini na minne nimekunywa sukari yako, Mama, ulimi wangu unaisahauje? Na iliki niliinusa." Akafumba macho, machozi yakapita pembeni mpaka kwenye mto. "Lakini kopo lilikuwa limeandikwa haina sukari. Nikasema moyoni, nikiulizwa nitaonyesha kopo."

Daktari mwenyewe aliweka kopo chini taratibu. Kisha binti akasema neno la mwisho, nalo ndilo linaloninyima raha mpaka leo: "Hata leo, nimembeba mtoto wa watu, mikono inatetemeka, najua kwa nini inatetemeka. Nikaona aibu kusema. Nikamshika tu."

Mtoto wa watu! Shibiri moja!

Sasa ndugu zangu, tuliache lile kopo wodini. Tuzungumze na sisi. Wako kati yetu akina mama na akina baba wenye kinu. Tunawapenda watu wetu, tunawaombea, na tunawatilia kikombeni kile walichokatazwa, kwa sababu maneno ya jirani yanatuuma kuliko ugonjwa wa mtoto. Tuliambiwa na aliyesomea, tukamwamini asiye na jina. Toba iko wazi kwetu. Tuanze kwa kuuliza kabla ya kumwaga.

Lakini wengi wetu humu si mama. Wengi wetu ni binti. Tunavaa msalaba shingoni, tumeandikwa kwenye daftari la kanisa, tuna viti vyetu vya kudumu, na kopo letu nje linasomeka vizuri kabisa. Nani atatuuliza? Mke akiuliza, tunaonyesha kopo. Mchungaji akiuliza, tunaonyesha kopo. Na ndani tunajua ni nini. Hatukudanganywa! Ulimi ulituambia siku ya kwanza, tukasema chai ya leo nzuri, tukaongeza kijiko.

Nawe unadhani utaanguka peke yako? Tazama mikononi mwako. Umembeba nani? Kuna mtoto kwenye shali lako. Kuna mke, kuna darasa zima la wanafunzi, kuna mzee asiyeona anayekuegemea. Mikono inatetemeka, na wewe unajua kwa nini inatetemeka. Siku hiyo mzee wa kanisa anaweza akawa amesinzia kweli.

Yule binti yu hai. Alirudi kwenye kipimo chake, kijiko kimoja kidogo, na kinu cha viungo mama alikigawa. Mtoto alibatizwa wiki tatu baadaye, na swali lile lile likaulizwa. Safari hii, kabla ya kujibu, shangazi alimkabidhi mtoto kwanza kwa mama yake mwenyewe amshike, akasema mbele ya watu wote alichokuwa akinywa. Kisha akajibu.

Tumezoea kuambiwa mwenye masikio na asikie. Masikio tunayo, na simu tunazo pia. Leo nasema: mwenye ulimi na aseme alichokionja, kabla hajamwangusha mtu.