Mgonjwa wa Nyuma ya Pazia

Bwana Faki, tajiri aliyeijenga zahanati ya kijiji, aliingia na mpwa wake Haroub. Koti jeupe la Haroub lilikuwa bado na mikunjo ya dukani.

"Bi Mafunda," alimwambia muuguzi, "mkabidhi funguo. Kuanzia leo daktari ni huyu."

"Alhamdulillahi! Nilikwisha elemewa." Bi Mafunda akazitoa bila ubishi. "Basi daktari wangu, anza na mgonjwa aliye nyuma ya pazia. Ingia umwangalie."

"Nimwangalie wa nini?" Haroub alibenua midomo. "Daktari hodari hutajiwa dalili tu."

"Haya. Hana jino hata moja. Kutembea hawezi. Mchana kutwa amelala, usiku halali mtu kwa kelele zake. Na haja zote humtoka pale pale alipo."

"Uzee huo, bibi, hauna dawa. Waambie jamaa zake watafute sanda."

"Mnamsikia mpwa wangu?" Bwana Faki alichekelea. "Hana mchezo! Na sanda hiyo nitaitoa mimi."

Bi Mafunda akalivuta pazia. Mke wa Bwana Faki alikuwa ameketi kitandani, amejiziba mdomo kwa ncha ya kanga asicheke. Mapajani alimpakata mtoto wao wa kwanza, aliyemleta kuchanjwa asubuhi ile.

"Mgonjwa ndiye huyu," alisema Bi Mafunda. "Na sanda umeiahidi mwenyewe. Tukate ya urefu gani?"

Bwana Faki alimpokonya mpwa wake funguo, kisha akamvua na koti.