Kichwa cha Ngiri

Masikio yapo?
Yapo.
Na midomo?
Tumeifunga.
Ifungueni, mtachekea wapi?

Hapo kale Ngiri, kijana ambaye meno yake ya nje ndiyo kwanza yalikuwa yanachungulia, aligombana na Kobe njiani. Akampiga kikumbo, ngwaa, gamba la Kobe likapasuka. Hakukana. Alisimama mbele ya Hakimu Fisi.

Mila ya msitu ilikuwa hivi: mtoto akiumiza mtu, aliyeumizwa ndiye anayempangia adhabu. Mtu mzima akiumiza mtu, anachinjwa, na nyama ni ya hakimu. Basi tangu Fisi kukikalia kiti cha hakimu, msituni hapakuwa tena na mtoto. Kifaranga ana unyoya mmoja? Mtu mzima. Ndama ana jino moja? Mtu mzima.

Fisi akamtazama Ngiri, mate tiriri. "Ana meno. Mtu mzima."

Mama Ngiri akaangua kilio. Bi Kindi, jirani yake, akashuka mtini chapuchapu, mkia kautupa begani kama joho.

"Hongera, Mheshimiwa. Umetupatia mtu mzima mpya."

"Mpya kabisa. Mchinjeni."

"Na mtu mzima mpya, mila inampa nini?"

Wazee wa Nyati wakajibu: "Kichwa cha mnyama wa kwanza kuchinjwa siku hiyo. Na hakuna anayemeza kabla yeye hajakimaliza."

"Basi tusikucheleweshe, Mheshimiwa. Mchinje, mpe kichwa chake akile. Akimaliza, wewe anza."

Fisi akamtazama Ngiri. Akakitazama kichwa. "Atakilaje?"

"Polepole. Ni chake, hatumharakishi."

"Mila hiyo tuiruke."

"Tuiruke. Na ile inayokupa nyama, tuiruke pia? Zote zimo kapu moja."

Wazee wa Nyati wakainamisha pembe, kidogo tu. Tumbo la Fisi likalia ngruuu.

"Basi ni mtoto," akanong'ona.

"Huku nyuma hawajasikia, Mheshimiwa."

"Nimesema ni mtoto!"

Kobe akatoa hukumu: "Anibebe mpaka gamba liungane."

Ngiri akambeba. Sokoni, tipwatipwa. Mtoni, tipwatipwa. Arusini, tipwatipwa. Gamba liliungana baada ya miaka miwili. Kobe hajamwambia mpaka leo, bado yuko mgongoni. Ngiri anajua, naye hajauliza.

Basi shikeni funzo, wanangu: ukitaka hukumu ya haki, mtafute hakimu mwenye njaa.

Ngano yangu naitua hapa. Anayeiona nzito, ampe Ngiri aibebe.