Magunia Tisa ya Maranda

Ukimaliza kusoma hii usinirudishie alama za machozi. Mpelekee mtu ambaye mama yake bado anapumua.

Kule nyanda za juu, ambako mwezi wa Juni ndoo iliyolala nje huamka na barafu, aliishi fundi mmoja, Yoramu Tweve. Kazi yake ilikuwa kupiga dari, na aliijua. Alimtoa mama yake, Bibi Enesia, kwenye nyumba ya nyasi akamjengea ya bati. Watu wakamsifu, naye akasifika.

Mwaka wa kwanza mama akasema anasikia baridi. Yoramu akaja na ngazi na magunia matatu ya maranda, yale mabaki ya mbao yanayotoka kwenye randa. Akapanda darini akayatandaza ili joto lisitorokee kwenye bati. Majirani wakatoka kutazama. Akashuka, akajipangusa, akanywa chai amesimama, akaondoka.

Mwaka wa pili mama akasema bado. Akaleta magunia matano.

Mwaka wa tatu akamwambia waziwazi: "Mwanangu, baridi hii inanishika miguu. Kichwani sina shida."

"Mama, joto hupanda juu," Yoramu akajibu. "Hii ndiyo kazi yangu. Nikiziba huko juu, na miguu itapona."

"Haya, baba. Wewe ndiye fundi."

Akapandisha magunia tisa. Dari ikajaa hadi panya wakakosa pa kupita.

Siku hiyohiyo akauliza lile blanketi zito alilomnunulia liko wapi, maana kitandani aliona shuka na kitenge tu. Mama akasema lipo, linafanya kazi. Yoramu hakuridhika. Alipofika kwake akamwambia mkewe kwamba mama amewagawia blanketi wenzake wa kwaya, na kwamba wazee hata uwape nini hawatosheki.

Julai kifua kikambana Bibi Enesia. Hakumaliza wiki.

Sasa, desturi ya kijiji kile, mama akifa kitanda chake hutolewa, na watoto wake hukaa chini kwenye mkeka, palepale kilipokuwa. Yoramu akakaa. Miaka mitatu alikuwa akiingia nyumba ile kwa kusimama au kwa kupanda. Kukaa sakafuni ilikuwa mara yake ya kwanza.

Mlango ulikuwa umefungwa. Baada ya muda kidogo akavuta koti. Akakunja miguu. Mwisho akauliza huo upepo unatoka wapi, na mlango umefungwa.

Falesi, mama jirani aliyekuwa akimchotea marehemu maji, akanyanyuka, akaenda kwenye kona vilipowekwa vitu vilivyokuwa chini ya kitanda, akatoa furushi refu lililoviringishwa na kufungwa kamba. Akalilaza chini ya mlango, kwenye uwazi wa vidole vitatu, akalisukuma kwa mguu. Upepo ukakatika.

Yoramu akalitazama. Lilikuwa lile blanketi. Upande wa ndani jipya, upande wa nje matope matupu.

"Kila jioni alikuwa analiweka hapo," Falesi akasema.

"Mama mdogo, mbona hakuniambia?"

"Alikuambia. Ulikuwa kwenye ngazi."

Kipande cha ubao na misumari minne, basi, vingetosha kuuziba uwazi ule. Na mlango wenyewe alikuwa ameupachika yeye kwa mikono yake alipojenga. Sisemi ubao ungemzuia mama kufa. Alikuwa na miaka themanini na miwili, na huko sote tunaelekea. Ila angekufa amejifunika blanketi lake.

Yoramu aliupigilia ule ubao baada ya arobaini. Aliupigilia vizuri sana, kwenye nyumba isiyo na mtu.

Funzo: Baridi inapoingilia anapajua anayelala ndani, si aliyejenga. Kabla hujapanda ngazi kumsaidia mzazi wako, kaa kwanza pale anapokaa yeye, na akikuambia ni miguu, usimfunike kichwa.