Maporomoko Mawili ya Nakijwa

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo alivyosema mama yenu sasa hivi, nanyi mkaanza kununa, eti wageni wa kesho wanakuja kutazama maporomoko tu, halafu nyinyi mlale chini kwa ajili yao. Na sasa mnaniuliza mimi bibi yenu maneno hayo yametoka wapi. Menyeni hizo ndizi huku mnasikiliza. Yalitoka huku huku milimani, kwa mwanamke mmoja aliyeitwa Nakijwa, na yalianza hivi.

Nakijwa na mumewe Mbonea walikuwa na shamba la maharage mwanzoni mwa mfereji. Mfereji mnaujua. Wazee waliuchimba kutoka mtoni, juu ya maporomoko, wakauzungusha ubavuni mwa mlima mpaka kijijini, na kila nyumba ikawa na zamu yake ya maji. Mwaka huo maji yakaanza kupungua. Mara yanafika kwenye goti, mara kwenye kifundo, mwishowe yakawa kama uzi. Watu wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Jirani yao, Mzee Senkoro, ndiye aliyelitoa lililo moyoni: "Shamba la kwanza ni la nani? Basi mwizi wa maji ni huyo huyo."

Lo! Kwa watu wa mfereji, afadhali uitwe mchawi. Nakijwa akipita, watu wananyamaza. Alikwenda kwa Senkoro kuomba moto, akaambiwa umezimika, na moshi anauona kwa macho yake! Hata siku ya kusafisha mfereji kwa pamoja ikafa, maana kila mtu alibaki kulinda shamba lake. Maporomoko nayo yakawa yananguruma kuliko kawaida. Watu wakasema, heri, huko juu mvua imenyesha, maji yatakuja. Wakakaa wakangoja.

Katikati ya balaa hilo ikaja habari kwamba wakwe wanakuja. Binti yao Namcheja alikuwa ameolewa kule tambarare, hata mwaka haujaisha. Mama mkwe wake, Bi Semeni, alitaka kuyaona maporomoko aliyokuwa akisimuliwa kila siku. Angefika na wanawe wawili baada ya siku nne.

Nakijwa akamwendea mumewe. "Baba Namcheja, watu hawa wakisikia naitwa mwizi, mwanangu ataishije kule? Kila chumvi ikipungua jikoni watamtazama yeye."

"Mgeni hafukuzwi, mke wangu."

"Sijasema tuwafukuze. Nasema wasikae."

Akaipanga safari hiyo kipande kwa kipande. Wafike asubuhi, wanywe uji, wapelekwe maporomokoni, warudi wale jogoo, na kabla ya alasiri wawe wanateremka kwenda kwao. Njia ya siku zote ilipita mlangoni kwa Senkoro, kwa hiyo akachukua mundu akafyeka nyingine nyuma ya mashamba, hadi kwenye jiwe la kutazamia. Siku mbili nzima aliinama akifyeka. Alifika mpaka pale chini ya maji yenyewe na hakuinua kichwa hata mara moja. Mtu aliyezaliwa na mngurumo ule atautazama nini?

Siku ikafika, na Bi Semeni naye akafika. Alikuwa mama mnene, mcheshi, asiyejua haraka ni nini. Kila ua alisimama kulinusa.

"Twende, mkwe, jua litatuwahi," Nakijwa akamhimiza.

"Litatufanya nini? Sisi kwetu tumelala nalo!"

Walipofika kwenye jiwe, Mbonea na vijana wakiwafuata nyuma, Bi Semeni akasimama. Akaweka mikono kifuani, akasema Mungu ni mkubwa. Kisha akageuka.

"Lakini mkwe, binti yako ametupunja."

Nakijwa akadakia. "Amewapunja nini?"

"Alituambia maji yanaanguka mahali pamoja. Mbona ni mahali pawili?"

Nakijwa akainua kichwa. Upande wa kulia, pale alipozoea kuona mwamba mkavu wenye kuvu, maji meupe yalikuwa yakimwagika. Akayafuata kwa macho juu, juu, mpaka mahali mfereji unapokatiza.

"Mbonea!" akapiga ukelele. "Yale ni maji yetu!"

Wakapanda wote, wageni kwa wenyeji. Huko juu wakakuta fuko ametoboa ukingo wa mfereji, na tundu limekuwa pana kama mlango. Maji ya kijiji kizima yalikuwa yakirudi mtoni kwa njia ya mkato.

"Kumbe mwizi ni fuko!" Mbonea akasema. "Na hana hata shamba!"

"Mwizi gani?" Bi Semeni akauliza.

Hapo Nakijwa hakuwa na pa kukimbilia. Akaketi kwenye tope akaeleza yote, mpaka habari ya moto ulionyimwa, machozi yakimtoka. Bi Semeni alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akajifunga kanga kiunoni.

"Wanangu, kunjeni nguo, ingieni majini. Mkwe wangu hataitwa mwizi nami nipo hapa nimesimama."

Wakakata migomba, wakabeba mawe, wakashindilia udongo. Uji wa asubuhi uliisha tumboni, jogoo akabaki kuwika nyumbani, alasiri ikapita. Jua lilipokuwa linaelekea kushuka, yale maporomoko ya pili yakapungua, yakadondoka, yakakoma.

"Tumekuja tukakuta mawili, tunaondoka tumewaachia moja," Bi Semeni akasema, na wote wakacheka mpaka wakashikana.

Walirudi wakiyafuata maji, kwa njia ile ile Nakijwa aliyoikwepa. Mzee Senkoro walimkuta ndani ya mfereji, maji yamemfika magotini. Aliwatazama wageni walivyochafuka tope, hakuwa na haja ya kuuliza. Akavua kofia.

"Nakijwa, nilikusingizia. Tena mbele ya wakwe zako nalisema: nilikusingizia."

"Maji yamefika kwako, mzee?"

"Yamefika, mwanangu."

"Basi ninashukuru."

Jogoo aliliwa gizani, na wageni wakalala, maana nani angewaruhusu kuondoka? Lakini kabla chungu hakijainjikwa, Senkoro alikuja mwenyewe, mzee mzima, ameshika kijinga cha moto. Nakijwa alikipokea kwa mikono miwili. Akamgeukia Bi Semeni, akamwambia, "Mkwe wangu, nilipanga ukae nusu siku tu. Nisamehe. Ungeondoka mapema, ningebaki na ugonjwa wangu."

Tangu siku hiyo, kila akibishiwa hodi, hata na mtu asiyemjua, aliitikia kwa maneno hayo mliyoniuliza, na kijiji kikayashika. Kuna wasemao eti ni kwa sababu ya jogoo, kwamba mgeni akija na mwenyeji hupata kitoweo. Walafi hao.

Haya, nani alikuwa analilia kitanda chake? Kitandikeni vizuri, na kesho wageni wakiyatazama maporomoko, nanyi inueni vichwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.